Siku Tano za Jiko la Dianah

Kama mtoto wako yuko chuo, na siku moja akakuambia kwamba mwanafunzi mwenzake anakuja kukuangalia ukipika, usifue pazia. Usiazime kitu. Mwache aje akukute vile ulivyo, na lesso yako ya jikoni na masizi yako. Mimi nilifua pazia. Nilifua hadi kamba ya pazia. Na kwa sababu hiyo mtoto wa mama mwingine alianguka mtihani.

Sikufika mbali shuleni, niliishia darasa la saba, kwa hivyo mahali nitakosea mniwie radhi. Lakini hili jambo nalijua lote, maana nililifanya mwenyewe.

Naitwa Emmaculate. Kwetu ni Bungoma, lakini tumekaa Gatongora hapa Ruiru miaka mingi, mimi na mume wangu Khisa na watoto. Khisa ni fundi wa vyuma kwa mjengo. Mimi nafulia watu nguo Membley, siku tatu kwa wiki. Nyumba yetu ni chumba kimoja na kipande cha nje ambacho tumezungushia mabati, na hapo ndipo jikoni. Tunakula watu sita, na kila jioni ni ugali, pakiti nzima ya kilo mbili, kwa sababu Khisa bila ugali anasema hajala, amepitisha tu wakati.

Mtoto wetu mkubwa ni Jentrix. Yuko mwaka wa tatu katika chuo kimoja Thika, analala hosteli. Kozi yake ina jina refu la Kizungu. Kanisani nikiulizwa nilikuwa nasema anasomea kutengeneza vitu vya nyumbani, na watu wanadhani ni useremala. Hata mimi nilidhani hivyo mpaka alipoanza kuleta vitu. Alileta kibanio cha nguo ambacho hakina waya ndani. Alileta kifuniko cha mtungi wa maji ambacho ukikigeuza kinakuwa kikombe. Halafu akaleta mwiko uliopinda shingo.

"Huu umekanyagwa na lori?" nikamwuliza.

"Mama, shika kwanza. Usiongee, shika."

Nikashika, nikasonga nao siku hiyo. Mkono haukuniuma. Lakini sikumwambia. Nilimwambia mababu zetu walisonga na mwiko ulionyooka na hakuna aliyekufa.

Sasa mwaka huu, mwezi wa tatu, walipewa kazi kubwa ya kuchunguza. Mwanafunzi anaenda nyumba ya watu, anakaa siku tano akiangalia mama akifanya kazi zake, anaandika, anapiga picha, kisha anachagua kitu kimoja kinachomsumbua yule mama na kukitengeneza upya. Mwalimu wao anaitwa Githae. Huyo Githae alikataza mtu kuchunguza kwao. Alisema mtu hawezi kuona kwao: ulizaliwa ukimkuta mama yako ameinama, unadhani kuinama ndiyo kupika. Kwa hivyo wakabadilishana. Jentrix angeenda kwa mama ya mwenzake wa darasa, Lynn, na Lynn angekuja kwangu. Na kila mmoja alifungiwa kazi yake, hakuna kuonyeshana mpaka siku ya mtihani.

Jentrix akanipigia simu.

"Mama, Lynn anakuja Jumatatu. Sasa nisikilize. Usimpikie kitu cha wageni. Fanya tu kazi yako kama hayuko."

"Mgeni aingie kwangu nifanye kama hayuko?"

"Si mgeni. Anakuja kazi."

"Aliyekanyaga mlango wangu ni mgeni."

"Mama, nakuomba."

"Anakaa wapi huyo?"

"Hizi siku yuko Membley, kwa shangazi yake. Ndiyo atakuwa karibu na nyinyi."

Hapo ndipo nilipopotea. Membley naijua. Nimefua mashuka yao, nimepiga deki jikoni zao. Maji yanatoka ukutani, jiko linasimama kimo cha tumbo, na hakuna mtu anayechutama isipokuwa mimi. Nikaona msichana wa huko ameketi kwenye mabati yangu na kamera, na picha zangu zimebandikwa ukuta wa chuo, na watoto wa watu wanapita wakisema, huyo ndiye mama ya Jentrix. Usingizi ukaniruka. Nilifikiri ninamlinda mtoto wangu. Akina mama, tunapotaka kufanya uongo huwa tunausemea kwamba ni wa mtoto.

Ni lazima niwaeleze nilikuwa naficha nini. Mimi nasonga ugali nimekaa kwa kistuli, jiko la makaa liko chini mbele yangu. Sufuria yangu kubwa ilishapoteza masikio. Ugali wa kilo mbili ukianza kukaza, sufuria inazunguka na mwiko, hushiki kitu. Basi Khisa alinipindia chuma cha mjengo. Mbele kina ndoano mbili zinazong'ata ukingo wa sufuria, nyuma kimekunjwa mahali pa kuweka wayo. Ninakanyaga, sufuria inatulia, mikono yote miwili inabaki kwa mwiko. Kinafanya kazi vizuri. Shida ni siku kinapoteleza, kwa sababu mguu uko karibu na moto. Wiki mbili kabla Lynn hajaja kilikuwa kimeteleza, nikaungua juu ya kifundo.

Nikaenda kwa jirani yangu Dianah. Dianah anasuka nywele, hana mtoto bado, na ana jiko la gesi la mezani, la mioto miwili. Wiki hiyo alikuwa anasafiri kwao Kitui.

"Chukua tu," akaniambia, "lakini usinimalizie gesi. Unapikia nani, askofu?"

Nikalipanga juu ya meza ya Khisa ya kunyolea ndevu, nikaitandika kitambaa. Jiko la makaa nikalipeleka nyuma ya choo. Chuma nikakisukuma chini ya kitanda. Khisa aliporudi alisimama mlangoni kama mtu aliyeingia nyumba isiyo yake.

"Emma, hiki kitu kikirudi kwa mwenyewe, utamwambia mtoto nini?"

"Kula," nikamwambia.

Lynn akaja. Msichana mwembamba, mpole, viatu vyeupe. Alinisalimia kwa mikono miwili. Nikamkalisha kwa sofa, nikampa chai ya maziwa. Akaniambia, "Mama Jentrix, naweza kukaa jikoni?" Nikamwambia jikoni kuna moshi. Halafu nikakumbuka kwamba sasa ni gesi, hakuna moshi, nikamwambia kuna joto. Mwishowe akaingia, akaketi pembeni na daftari lake, hakula mpaka alipoona nimeudhika. Nilikuwa nimechinja kuku. Siku ya kwanza!

Siku hizo tano alinihesabu. Alihesabu mara ninazoinama, mara ninazonyoosha mkono, hatua kutoka meza hadi maji. Alinipima na tepu kutoka sakafuni hadi kiwiko. Tangu nishonewe nguo ya harusi hakuna mtu aliyekuwa amenipima. Alichora mkono wangu, na nikaona aibu ya kucha zangu, lakini aliuchora vizuri, ukawa mkono wa mtu wa maana. Nilisonga nimesimama, ugali mdogo wa watu wawili, kwa sufuria ya Dianah yenye masikio. Jioni akishaondoka tu, nilitoa jiko langu nyuma ya choo, nikavuta chuma, nikaanza ugali wa kweli.

Siku ya tatu aliniuliza, "Mama Jentrix, kuna kitu hapa jikoni kinakusumbua?"

"Hakuna. Mungu ni mwema."

"Hata kidogo?"

Nikamhurumia. Nikampa shida ndogo, kama vile unavyompa mtoto peremende. "Labda sufuria inazunguka kidogo nikisonga."

Uso ukamng'aa. Aliandika ukurasa mzima.

"Na mnakula watu wangapi?"

"Sita." Huo ulikuwa ukweli, ulinitoka kabla sijaukamata.

Akatazama ile sufuria ndogo. Akatazama mguu wangu. "Na hii alama?"

"Ni ya utotoni."

Ilikuwa bado inabambuka. Lynn aliiona inabambuka. Akanitazama usoni, akainamisha macho, akaandika: ya utotoni. Alikuwa amelelewa vizuri, hangeweza kumwambia mtu mzima kwamba anadanganya. Na mimi nilijua hangeweza. Hilo ndilo linaloniuma kupita yote, kwamba niliegemea adabu ya mtoto wa mtu.

Jentrix akapiga simu wiki hiyo hiyo. Lynn alikuwa amemwambia, bila kukusudia, kwamba chai ya gesi yangu inaiva haraka.

"Mama! Mmenunua gesi?"

"Baba yako alipata kazi nzuri."

Alipiga kelele ya furaha mpaka nikaondoa simu sikioni. Akasema sasa hatanifikiria nikikohoa na moshi.

Ijumaa jioni Lynn aliniaga akanishukuru, Jumamosi jiko likarudi kwa mwenyewe, na mimi nikadhani yameisha.

Mwezi wa saba tukaitwa Thika, sisi akina mama tuliochunguzwa, tujaribu vitu vilivyotengenezwa mbele ya walimu watatu. Ni ukumbi kama karakana, meza ndefu za mbao, na picha zimejaa ukutani. Nilivaa nguo yangu ya kitenge.

Kwanza alikuwa Jentrix. Nikamwona mama ya Lynn. Nilikuwa natafuta mwanamke wa Membley mwenye mkoba, na aliyesimama alikuwa mama mnene muuza sukuma wiki, wa mtaa wa Githurai 45, na vidole vyake vina rangi ya mboga. Picha zake ukutani zilinifanya nitazame chini. Amekaa juu ya kreti, beseni katikati ya miguu, rinda limepanda, kichwa wazi, anafua. Nyingine anainua beseni la maji machafu na uso umekunjamana kwa maumivu ya mgongo. Nikajisemea, huyu mwanamke hana haya?

Yeye mwenyewe alipoziona alipiga makofi. "Ngai! Ati huyu ni mimi? Jentrix, si ungeniambia nifunge hata kitambaa! Hapa nakaa kama konda wa matatu amenyimwa nauli!"

Ukumbi ukacheka, lakini walicheka na yeye. Halafu Jentrix akamletea beseni alilolitengeneza, liko juu ya miguu mitatu, na chini lina tundu na kizibo, maji yanatoka yenyewe kwa bomba bila kuinua. Mama ya Lynn akafua hapo hapo, akavuta kizibo, akaona maji yanaenda. Akashika kiuno chake, akasema kwa sauti ndogo, "Na sikuinua." Walimu wote watatu wakaandika. Mtoto wangu alifaulu kwa sababu ya mwanamke yule.

Kisha ikawa zamu ya Lynn, na yangu.

Alikuwa ametengeneza mkono wa chuma, ameupaka rangi ya kijani. Unafungwa kwa skrubu kwenye ukingo wa jiko la gesi, na mbele unashika sikio la sufuria kwa mpira. Ulikuwa mzuri. Kimo chake kilikuwa kimo changu kamili. Juu yake ukutani palikuwa na picha zangu: mimi nimesimama wima, kitambaa kichwani, ninasonga ugali wa sahani moja huku nikitabasamu kama mtu wa tangazo.

Mwalimu Githae ni mzee wa miwani, mpole, lakini macho yake hayatulii. Alizitazama picha. Akafungua ripoti ya Lynn.

"Hapa umeandika watu sita."

"Ndiyo, mwalimu."

"Watu sita wanakula huu ugali?"

Lynn akanitazama. Mimi nikarekebisha kitambaa changu.

Githae akaleta sufuria kubwa na pakiti ya unga ya kilo mbili. "Mama, karibu. Tupikie kama nyumbani."

Mkono wa kijani ukafungwa. Maji yakachemka, nikatia unga. Mwanzo ulikuwa sawa. Lakini ugali wa kilo mbili si mchezo, na sijawahi kuusonga nimesimama. Ulipoanza kukaza nililala juu ya mwiko kwa uzito wangu wote, kama nilivyozoea. Ule mkono ukaanza kulia, kwi, kwi. Mpira ukateleza. Sufuria ikazunguka. Na hapo, mbele ya watu wote, mguu wangu wa kulia ukapanda wenyewe hewani, ukakanyaga. Ukakanyaga hewa. Ukapanda tena, ukakanyaga tena. Mkono wa kijani ukapinda, sufuria ikalala, ugali mbichi ukamwagika mezani na kwenye viatu vyangu.

Wanafunzi wakacheka, wengine wakajiziba mdomo. Githae hakucheka.

"Mama, hujaungua?"

"Hapana."

"Mguu ulikuwa unatafuta nini?"

"Mshipa ulinishika," nikasema.

Kisha akamgeukia Lynn. "Ulikaa siku tano katika nyumba hii? Ama ulikaa siku moja, zile nyingine ukajazia hosteli?"

"Nilikaa zote, mwalimu. Wallahi nilikaa." Akanigeukia. "Mama Jentrix, si nilikuja?"

Kila mtu akanitazama. Jentrix alikuwa karibu na dirisha, na beseni lake. Mlango ulikuwa wazi kabisa, nilichohitaji ni maneno manne tu: jiko lile halikuwa langu. Nilikuwa na nguo yangu ya kitenge na unga kwenye viatu. Nikaona nikisema, watacheka tena.

"Alikuja," nikasema. Basi.

"Na hilo jiko la pichani ni lako?"

"Ndiyo."

Mwalimu mmoja mwanamke akatikisa kichwa, akaandika. Lynn hakulia. Alianza kufungua skrubu za mkono wake wa kijani, moja moja, lakini zilikuwa zimepinda, hazikutoka. Na aliyekuja kunipangusa viatu alikuwa mama yake. Aliinama na ule mgongo wake, na leso yake mwenyewe, akaniambia, "Pole, mama. Usijali. Hawa watoto watajifunza tu." Nilimwacha apanguse. Sikujua niuweke wapi uso wangu.

Ilikuwa Ijumaa, Jentrix akarudi na mimi nyumbani. Njiani hakuongea, nami nikafikiri amechoka. Alikuwa hajaingia kwetu tangu Krismasi, kwa ajili ya hizo kazi zao. Alipofika alienda moja kwa moja jikoni kuona gesi. Aliona jiko la makaa. Kabla hajaniuliza, Dianah akachungulia mlangoni na kitana kichwani.

"Mama Jentrix, ule mguu wa jiko langu uliolegea, ulikuwa umelegea hivyo hivyo ama ni wewe?" Kisha akamwona Jentrix. "Haiya, umefika? Mama yako alikuwa na mgeni mkubwa mwezi wa tatu! Alinyang'anya jiko langu wiki nzima kama la urithi!"

Akacheka, akaenda zake. Hakuwa na ubaya wowote.

Jentrix alikaa kwenye kistuli. Hakupiga kelele. Ningependa angepiga.

"Kwa hivyo mguu ulikuwa unatafuta chuma cha Baba."

Nikafungua kitambaa changu cha kichwa, nikakikunja.

"Mama, Lynn ameandikiwa kwamba hakuchunguza. Kwamba alibuni. Unajua hiyo ni nini kwa kozi yetu? Ni kama mpishi kuambiwa ametia sumu."

"Nilikuwa naogopa watakucheka."

"Nani? Lynn? Lynn kwao choo ni kimoja na nyumba kumi."

"Si ulisema Membley?"

"Nilisema kwa shangazi yake! Shangazi yake ni mfanyakazi wa watu huko. Anafua, kama wewe. Lynn alikuwa analala kwa chumba cha nyuma, kitanda kimoja na shangazi, ndiyo aje kwako mapema."

Nilikuwa labda nimeshapishana na huyo shangazi kwenye lango, kila mmoja na sabuni yake.

"Mwambie Lynn anisamehe," nikasema.

"Mimi? Mimi nimwambie?" Akasimama. "Mama ya Lynn alinionyesha mpaka dawa zake za mgongo. Alinionyesha mahali anapolia. Na mimi nikampa mtoto wake wewe."

Khisa alikuwa amesimama mlangoni muda wote huo, na kofia ya kazi mkononi. Aliingia, akainama, akavuta kile chuma karibu na jiko, akakifunga kwa gazeti.

"Jumatatu utaenda Thika," akaniambia. "Na ubebe hiki. Maneno yako peke yake hawataamini tena."

Nilikataa Jumamosi. Nilikataa Jumapili, kanisani sikupokea komunyo. Jumatatu nikaenda.

Ofisi ya Githae ni ndogo, imejaa vitu vya nyumbani, viti, birika, ndoo, vyote vimekatwa katikati ili watoto waone ndani. Nilisimama hapo katikati nikamwambia yote, kuanzia pazia. Hakunikatiza. Kisha akafungua gazeti, akakigeuza chuma, akapitisha kidole kwenye ndoano.

"Nionyeshe."

Alinipa stuli na sufuria tupu. Nikakaa pale sakafuni kwa ofisi ya mwalimu wa chuo, nikavua kiatu, nikakanyaga. Aliinama akatazama kifundo changu, kovu jipya juu ya kovu la zamani. Hakusema pole. Aliketi.

"Mama, yule msichana alifanya kazi nzuri sana, kwa nyumba ambayo haipo."

"Basi mrudishie alama zake."

"Siwezi. Mkono ulivunjika, walimu watatu walishuhudia, na karatasi imetiwa sahihi. Atarudia muhula. Ninachoweza ni kufuta lile neno kwamba alibuni. Hilo neno likibaki litamfuata mpaka kazini. Lakini si kwa mdomo wako. Andika, utie sahihi."

"Mimi kuandika kwangu ni kwa darasa la saba."

"Andika vile ilivyokuwa."

Nikakaa kwenye korido na kalamu yake, wanafunzi wanapita juu ya miguu yangu. Niliandika ukurasa mmoja na nusu. Mstari uliokuwa mgumu kuliko yote ni ule wa alama ya mguu. Neno likafutwa, nililiona kwa macho yangu likipigwa mstari na Githae akitia sahihi pembeni. Muhula haukufutwa.

Lynn nilimkuta nje ya karakana, anakwaruza rangi ya kijani kutoka kwa ule mkono ili atumie chuma tena. Nilimwomba msamaha. Nilitaka kupiga magoti, akanishika kiwiko kabla sijafika chini.

"Ni sawa, Mama Jentrix."

"Rudi kwangu," nikamwambia. "Mwezi wa tisa mkianza tena, njoo kwangu. Sitafagia hata. Utanikuta nimekaa na makaa, utapiga picha yote unayotaka. Chuma unaweza kukibeba."

Akatazama chini, kama alivyotazama siku ile jikoni.

"Nimeshapata nyumba nyingine. Kuna shosho mmoja mzee sana Githurai, jirani yetu. Tangu Jumamosi ananitukana, anasema naandika kama polisi." Akatabasamu kidogo. "Lakini asante sana, Mama Jentrix. Kuku wako alikuwa mtamu."

Hiyo ndiyo adabu. Nilirudi nyumbani nayo.

Kwa hivyo nasema tena, wewe mama ambaye mtoto wako anasoma vitu usivyovielewa: akikuuliza inakuuma wapi, mwambie. Akimleta mwenzake, mwambie na yeye. Usidhani unaficha umaskini. Umaskini wanaujua, wamelala nao kitanda kimoja. Unachokifundisha ni kwamba neno lako si la kushikwa.

Jentrix bado anakuja nyumbani wikendi. Hajanikosea heshima hata siku moja. Ananisaidia kufua, ananiletea sukari. Jumapili iliyopita aliniuliza kama nimeenda kuonyesha ule mguu kwa daktari. Nikamwambia nimeenda, na ni kweli nilikuwa nimeenda Alhamisi, nilipewa na dawa ya kupaka.

Akaitikia vizuri. Halafu akamgeukia baba yake, akamwuliza, "Baba, alienda?"